Draga ya Ukoo

Katika ukoo wa mume wangu hapa Bukavu, mtu hakatai kuchangia. Anaweza kuchelewa, anaweza kuleta pungufu, anaweza kuleta mbuzi badala ya fedha, lakini "hapana" haitamkwi mbele ya Mama Mkwe. Ndiyo maana shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipotaka mtaji wa draga hakujisumbua kwenda benki. Benki ingemuuliza hati ya kiwanja. Mama yake alimuuliza kama amekula.

Ilikuwa 2014, na tangu mwaka uliotangulia watu wa Shabunda hawakuwa na habari nyingine ila dhahabu ya mto Ulindi. Zamani walichimba kwa sururu na karai kandokando ya vijito. Sasa mto wenyewe ulikuwa umejaa vyelezo vinavyonguruma mchana kutwa. Shemeji alikwenda huko kuuza betri na vocha za simu, akarudi amekonda, na ndani ya bomba la kalamu lililozibwa kwa nta alikuwa na unga wa manjano usiojaza hata ukucha. Aliumwaga juu ya sahani yangu nyeupe ya wageni. Tuliinama wote kutazama. Mume wangu akazuia pumzi, nadhani aliogopa kuupeperusha.

"Hiki ni cha kuokota tu," shemeji akasema. "Hebu fikiria mtu mwenye mashine."

Akatuonyesha mashine inavyofanya kazi, na hapo ndipo vyombo vyangu vilipoanza kuingia katika biashara ya madini. Beseni likawa mto. Mpira wa kumwagilia bustani ukawa mpira wa kufyonza. Draga ya kienyeji, kwa kweli, si jambo la ajabu: ni mbao zilizofungwa juu ya mapipa matupu, moteri ya dizeli, pampu, na mfereji wa mbao uliolala mshazari. Mzamiaji hushuka mpaka sakafu ya mto akiwa ameuma mpira mwembamba unaomletea hewa kutoka kwenye kompresa iliyo juu. Mikononi anaongoza mpira mnene unaofyonza kokoto. Maji, mchanga na vijiwe vinapanda, vinamwagwa juu ya mfereji uliotandikwa kapeti. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, mchanga wa kawaida haufiki mara 3; basi mchanga unakwenda zake na dhahabu inazama kwenye manyoya ya kapeti. Jioni kapeti linakung'utwa na kuoshwa ndani ya beseni.

Aliposema "kapeti" alitazama sebule yangu. Nililiona lile jicho, nikajisemea ni la bahati mbaya.

Mtu wa kwanza kuamini alikuwa Mama Mkwe, na imani yake ilikuwa na historia. Baba Mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa kampuni ya migodi Kamituga, mahali ambapo Wabelgiji walichimba dhahabu tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1982 Mobutu aliporuhusu raia kuchimba wenyewe, nusu ya majirani zao waliacha kazi wakaingia milimani. Mzee alikataa. Alisema mtu mwenye kalamu hashiki sururu. Mwaka 1985 bei ya bati, ambalo kampuni ililichimba pia, ikaanguka duniani, kampuni ikaanza kupunguza watu, na kalamu ya mzee ikapunguzwa nayo. Majirani wale wa sururu walikuwa wameshajenga Bukavu. Mama Mkwe amelisimulia jambo hili katika kila kilio na kila arusi tangu nilipoolewa, na kila mara analisimulia huku anamtazama mwanamume fulani aliye karibu. Kwa hiyo shemeji hakuwa anaomba mtaji. Alikuwa anamletea mama yake nafasi ya kushinda ugomvi aliouanza na marehemu.

Mkutano wa wanahisa ulifanyika kwangu, Jumapili, baada ya misa. Walikuja kutoka Kadutu, kutoka Bagira, mmoja kutoka Walungu na mbuzi wake. Baba Mkubwa wa Uvira hakuweza kufika ila alituma bahasha. Walikula bugali, sombe na sambaza mpaka sufuria zikalia, kisha shemeji akafungua daftari la shule lenye mistari na kusoma hesabu. Dola 6,000. Moteri, pampu, kompresa, mipira, mapipa, nauli ya ndege ya mizigo, chakula cha vijana wa kazi kwa mwezi wa kwanza. Mstari wa mwisho ulisema "mambo ya serikali", na mbele yake hapakuwa na tarakimu yoyote.

Draga ingegawanywa hisa 60, kila moja dola 100. Asiye na fedha angeleta kitu, na thamani ya kitu ingekadiriwa na Mama Mkwe. Sijapata kuona soko la hisa lenye mkadiriaji wa namna ile. Mbuzi wa Walungu, aliyeletwa na dada wa tumbo moja wa mkadiriaji, alipata hisa mbili. Jenereta ya binamu, ambayo ililia mara moja tu tangu Krismasi, ilipata tatu. Frigo langu, ambalo nilikuwa nagandishia maji ya sukari na kuwauzia wanafunzi wangu wakati wa mapumziko, na ambalo lilikuwa linanilipia unga na mafuta ya mwezi, lilipata moja.

"Ni la zamani, mkaza mwanangu," alisema. "Na umeme wenyewe haupo."

Kuhusu umeme alisema kweli.

Bahasha ya Uvira ilikuwa na noti moja ya dola 100, yenye mpasuko pembeni usiozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Anayeishi Kongo anajua maana yake. Franga inaweza kuwa imechakaa mpaka nambari hazisomeki na mama wa sokoni akaipokea. Dola ikichanika kidogo tu imekufa. Noti ile ilizunguka meza nzima, kila mmoja akiiinua kwenye mwanga na kumpa jirani. Lakini nani angempigia simu kaka mkubwa wa marehemu kumwambia fedha yake haipokelewi? Shemeji akaandika: Baba Mkubwa, hisa 1. Noti ikawekwa ndani ya Biblia.

Aliyeuliza maswali alikuwa mmoja tu, Shangazi. Huyu ni dada yake Baba Mkwe, mjane, anavuka Ruzizi karibu kila siku na sambaza wakavu kwenda upande wa Rwanda na kurudi na maziwa na vitenge. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho, tukadhani kashiba.

"Dhahabu ikitoka kwenye kapeti, nani anashika mizani?"

"Mimi, Shangazi."

"Na wewe ukilala?"

Shemeji akacheka. Yeye hakucheka. Akauliza eneo lile la mto ni la nani. Shemeji akatoa karatasi zake. Sheria ya madini ya 2002 ilitaka mchimbaji mdogo awe Mkongo mwenye kadi na achimbe katika eneo lililotengwa kwa wachimbaji wadogo; karatasi za shemeji zilikuwa na mihuri mingi kuliko maneno, na hakuna hata moja iliyosema hilo waziwazi. Shangazi akazikunja vizuri akamrudishia.

"Sinunui hisa," akasema. "Nitakukopesha 1,500. Moteri itaandikwa jina langu mpaka deni liishe. Kila jioni moteri inatolewa majini, inalala nchi kavu, ndani ya nyumba. Na utanilipa kabla ya wote."

Alitaja na riba. Sebule ikanyamaza. Riba kwa mtoto wa kaka! Mama Mkwe alijifunga upya kitenge chake kwa nguvu, ishara ambayo sote tunaijua. Shangazi hakuinua sauti.

"Huyu mtoto sitaki kuja kumchukia. Ndiyo maana naandika."

Wakaandikiana, mashahidi wawili, dole gumba na yote. Ukoo ulimsema miezi mizima. Mimi niliyeosha vyombo nyuma yao naweza kusema kwamba katika watu wote waliotoa mali siku ile, ni yeye tu aliyejua ametoa nini na atadai nini. Sisi wengine tulikuwa tumeweka fedha mahali ambapo haiwezekani kuidai bila kuonekana mchawi, na shemeji alikuwa amepokea fedha ambayo haiwezekani kuikataa hata ikiwa mbovu.

Kisha kijana akasimama. Mtoto wa dada yake mume wangu, amemaliza sekondari, hana kazi, analala kwenye kochi langu. Alisema hana dola wala mbuzi, lakini ana kifua. Atazama. Shemeji akampa hisa nne.

Hapa niseme polepole, maana jambo hili lilipita haraka mno mezani. Mzamiaji wa draga hazami kama mvuvi anayejua pumzi yake. Anakaa chini saa nyingi, gizani, maji ya Ulindi ni ya udongo na hayaonyeshi hata mkono. Hewa anayovuta imepita kwenye kompresa ileile inayokaa ubavuni mwa moteri, basi anavuta na moshi na mafuta. Mpira ukikunjika, hewa inakatika. Akifyonza kokoto chini ya ukingo, ukingo unaweza kumwangukia, na walio juu wanajua tu kwa kuona kamba haijibu. Katika daftari la shemeji kila kitu kilikuwa na bei: dizeli, mapipa, hata kamba. Pumzi ya kijana ilikuwa imeandikwa upande wa mtaji, kana kwamba naye ni mbuzi wa Walungu.

Nilifungua mdomo, mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Aliyesema ni Mama Mkwe, yuleyule ambaye kwa ajili ya draga angekuwa tayari kuuza hata mabati ya nyumba. Alichukua kalamu mkononi mwa shemeji, akafuta mstari ule mpaka karatasi ikatoboka.

"Wa kwangu hazami. Tafuta wa kulipa."

Shemeji akapata wa kulipa, bila shaka. Nao wana mama zao. Hilo halikujadiliwa, na mimi pia nilibeba sahani nikaenda jikoni.

Fedha ya ukoo haiji siku moja. Mmoja anasubiri zamu yake ya likelemba, yaani upatu, mwingine anasubiri mshahara wa serikali ambao nao unasubiri, mwingine anasubiri mteja wa mbuzi. Shemeji alipanga kuondoka mwezi wa sita, kiangazi kikianza na mto ukishuka, kwa sababu draga hutaka maji ya chini, mpira ufike kwenye kokoto. Moteri iliondoka Bukavu mwezi wa tisa, na mvua.

Barabara ya Shabunda ilikuwa ya kuhesabia kwenye ramani tu, kwa hiyo vitu vizito vilikwenda kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Kavumu, na kila kilo ililipiwa. Tulikwenda kumsindikiza. Moteri ikapandishwa mizani, pampu ikapandishwa, mipira, unga, chumvi, halafu likaja furushi refu lililofungwa kwa kitenge cha Mama Mkwe. Kitenge kilikuwa kimelegea pembeni, na pembeni palionekana rangi nyekundu.

Kapeti langu la sebuleni. Lililokuja na arusi. Lilikuwa limekatwa vipande vitatu, kwa kisu cha mkate, asubuhi ile nikiwa darasani.

"Ya sokoni hayana manyoya," shemeji alisema, na nilichoona kibaya zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli kama fundi.

"Limeandikwa hisa ngapi?"

Akafungua daftari. Halikuwa limeandikwa.

Habari zikaanza kuja kwa simu, usiku, akipanda kilima kutafuta mtandao. Wiki za kwanza zilikuwa za kuunda chelezo. Kisha kulipa. Ule mstari usio na tarakimu ukapata tarakimu zake: chifu wa mahali, mwenye ardhi, ofisi ya hiki na ofisi ya kile, askari, na vijana wa Raia Mutomboki wanaotoka msituni na bunduki, nao wana risiti. Mwaka 2016 shirika la Global Witness la London lilichapisha ripoti juu ya dhahabu ya Ulindi, ikieleza jinsi wenye silaha walivyotoza ushuru draga zile. Niliisoma nikatambua safu nzima za daftari la shemeji. Dizeli nayo ilifika Shabunda kwa ndege au mgongoni mwa watu, na bei yake ilipanda njia nzima. Juu kidogo ya mto palikuwa na mashine kubwa za Wachina, za chuma, zilizofyonza kwa siku kile ambacho draga yetu ingefyonza kwa mwezi, na kuteremsha tope lao juu ya vichwa vya wazamiaji wetu.

Dhahabu, hata hivyo, ilitoka. Kwa haki ya shemeji lazima niseme hilo. Ilitoka kidogokidogo na kuliwa kidogokidogo: njiti moja ya kiberiti ya dhahabu kwenye mizani ililipa unga, njiti mbili zililipa dizeli, wazamiaji wakachukua fungu lao. Karibu na Krismasi akatuma tola mbili, yaani gramu 23 na kitu, na mtu wa kuaminika.

Sijui Mama Mkwe aliwaitaje watu wote kwa jioni moja. Wanahisa wakakaa sebuleni, juu ya saruji tupu. Mume wangu na Shangazi wakaenda kwa mnunuzi. Bei ya dunia mwaka ule ilikuwa karibu dola 40 kwa gramu, na binamu wa jenereta alikuwa ameshapiga hesabu ya 900 na zaidi kwenye simu yake na kuionyesha kila mtu. Lakini mnunuzi huyeyusha kwanza, hupima usafi, hukata chake, na wakarudi na 780. Shangazi akahesabu fungu lake palepale mlangoni, kwa mujibu wa maandishi, akaketi. Mama Mkwe akatoa fungu la kumi la kanisa. Shemeji, kwa simu iliyowekwa juu ya meza, akaomba 300 za dizeli zirudi haraka kabla draga haijasimama. Kilichobaki kiligawanywa kwa hisa 45 zilizokuwa zimenunuliwa, na mwenye mbuzi akagundua kwamba amepata bei ya mkia.

Baba Mkubwa wa Uvira alipiga simu kuuliza gawio lake. Lilikuwa kama dola mbili na nusu. Mama Mkwe akaona ni aibu kumtumia mkubwa vijisenti. Akafungua Biblia, akamtumia dola 100. Noti ileile. Baba Mkubwa alituma salamu za shukrani nyingi, kisha akanyamaza siku kadhaa, pengine mpaka alipofika sokoni.

Mwezi wa tatu mto ulifurika usiku. Gogo liliteremka na maji likakata kamba, na chelezo, mapipa, pampu na mfereji vikaondoka kuelekea Lualaba, ambako ndiko Ulindi huenda. Moteri ilikuwa imelala ndani ya nyumba, nchi kavu, kwa mujibu wa maandishi. Hakufa mtu, maana ulikuwa usiku. Shangazi alilipia ndege, moteri ikarudi, na leo inavuta maji ya mashamba ya mpunga bonde la Ruzizi. Anayeiendesha ni yule kijana wa kochi, kwa mshahara.

Shemeji alirudi kwa pikipiki na miguu, kabeba vipande viwili vya kapeti mgongoni. Nilitaka kuvitupa. Akanizuia: kapeti lililofanya kazi halitupwi, vumbi laini la dhahabu huingia kwenye nyuzi na halitoki kwa maji, dawa yake ni moto. Basi tukachoma kapeti la arusi yangu uani, kwenye pipa, moshi mweusi ukawatoa majirani nje. Majivu tukayaosha kwenye beseni langu, yeye akizungusha, Mama Mkwe akiomba. Chini kabisa pakabaki mstari mwembamba wa manjano. Gramu tatu, kasoro kidogo.

Ugomvi ulianza kabla beseni halijakauka. Mume wangu alisema ni mali ya kampuni. Shemeji alisema ni ya fundi aliyejua siri. Mama Mkwe alisema ni ya Mungu, sehemu. Ikabidi Shangazi aitwe, maana yeye tu ndiye mwenye sifa ya kuandika. Aliomba daftari, akapitisha kidole toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

"Kapeti halimo humu," akasema. "Halikuwahi kuwa la kampuni. Liliibwa."

Akanikabidhi mkononi kikaratasi chenye ile dhahabu. Kesho yake niliiuza, na fedha nikaiweka mahali ambapo hata mume wangu hapajui. Jumapili simu ikalia, Baba Mkubwa wa Uvira. Habari zilikuwa zimemfikia. Alitaka kujua, kwa upole kabisa, hisa yake katika kapeti ni kiasi gani.

"Shikamoo Baba Mkubwa," nikamwambia. "Njoo na ile noti yako, tutaongea."